KITAMBULISHO MLANGONI PA HOSPITALI

(Maneno yaliyosemwa na wanachama wa reli mbele ya mkutano wa wafanya kazi, Mosocho. Yanapigwa chapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Mwajua kwamba Mosocho hapana reli. Barabara yetu yakupeleka Kisii upande mmoja, na upande wa pili Oyugis mpaka Kisumu, lakini filimbi ya gari la moshi hatuisikii hapa. Hata hivyo wana wa Mosocho wamo katika kazi ya reli, na sisi tu baadhi yao. Kazi yetu ni njia yenyewe: kuinua mataruma, kushindilia kokoto, kutazama mahali ambapo maji yamekula udongo. Shule yetu ilikuwa ya msingi, ya misheni, na haikuendelea. Basi tutasema kwa maneno ya kawaida.

Neno lililotuleta mnalijua. Hoja mbili ziko mbele ya tawi, nazo zitapigiwa kura Jumamosi ijayo. Ya kwanza yataka chama kiwaandikie matajiri wote wamwondoe kazini kila mtu asiye na kitambulisho cha Kenya, tena tupeleke majina ya watu hao kwa chifu, kwa kuwa wanajaza hospitali na shule zetu bila kulipa kitu. Ya pili yataka mwanachama mmoja wetu afutwe, kwa sababu alimpa mgeni jina lake hospitalini. Sisi twasimama kuzipinga zote mbili. Lakini ile ya pili hatuwezi kuipinga kwa kichwa juu, maana tulikuwapo.

Afadhali tueleze yaliyotokea, kwa kuwa yamesimuliwa vibaya sokoni.

Kontrakta mmoja alipewa kazi ya kubadili mataruma katika kipande cha njia tunachokitunza. Akaleta vibarua kumi na wawili. Mmoja wao alikuwa kijana Mkuria wa ng'ambo, upande wa Sirare. Ninyi mwawajua Wakuria. Baadhi yao wako Kenya na wengine Tanzania, kwa sababu Waingereza na Wajeremani walipatana mwaka 1886 huko Ulaya wakakata mstari kutoka pwani mpaka ziwani, wala hakuna aliyemwuliza Mkuria ng'ombe wake walala upande gani. Kijana huyu alikuwa akilipwa shilingi 500 kwa siku, na wenzake wenye kitambulisho 800, kwa kazi moja na jua lile lile. Mnyapara alijua. Karani alijua. Sisi nasi tulijua, tukanyamaza.

Siku ya nne taruma la chuma likamponyoka mwenzake likamwangukia mguuni. Kontrakta akatoa elfu moja mfukoni, akasema kijana aende kwao akapone. Tulimpakia pikipiki mpaka hospitali, tukafika saa nne asubuhi. Pale mezani wakauliza namba ya kitambulisho. Hana. Wakauliza kama ameandikishwa katika bima. Hakuandikishwa. Wakamwambia akae kwenye benchi angoje. Ilipofika saa tisa alikuwa hajafunguliwa kitambaa, na damu ilikuwa imekauka imeshikana na soksi. Ndipo mmoja wetu aliporudi mezani akasema, "Huyu ni mdogo wangu. Andika jina langu." Wakaandika. Akaingizwa ndani saa ile ile. Vidole viwili vilikatwa.

Ndugu, hayo yalikuwa maneno ya uongo, na uongo katika kitabu cha hospitali ni jambo baya, kwa maana hata dawa aliyopewa mtu huandikwa kwa jina la mwingine, na siku nyingine yaweza kumwua. Kesho yake tulirudi watu wanne. Tukamwambia karani kweli, tukachanga shilingi 7,200, tukalipa taslimu, na jina likafutwa. Hilo halikusimuliwa sokoni.

Tena kuna jambo linalotuuma zaidi. Uongo wenyewe haukuhitajika. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haikutaja raia pale, ilitaja mtu. Kama tungaliyajua maneno hayo asubuhi ile, tungalisimama mezani na Katiba mkononi, na mwenzetu asingalijitia katika hatari. Tulijifunza wiki mbili baadaye, kwa mwalimu mmoja aliyemo hapa leo. Chama kimetufundisha mengi juu ya mishahara na likizo, lakini haya hakikutufundisha, na sisi hatukuuliza.

Na iko sheria nyingine, ya fidia ya majeraha kazini, ya mwaka 2007. Hiyo yasema kwamba mtu akiumia kazini, mzigo ni wa mwajiri. Basi tazameni jinsi mzigo ulivyosafiri siku ile. Ulikuwa wa kontrakta. Akautupa kwa elfu moja. Ukaangukia hospitali ya umma. Hospitali ikaurudisha kwenye benchi. Sisi tukaubeba kwa mchango. Mwisho watu wakasema, "Mwaona! Wageni wanatumaliza." Kontrakta mwenyewe hakuna aliyemtaja, na hata katika hoja iliyo mbele yetu hayumo.

Sasa tuje kwa malalamiko ya wenzetu, maana si maneno ya bure. Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya, ile ya SHA, na asiye na mshahara hulipa, kwa uchache, shilingi 300 kwa mwezi. Mtu akatwe kila mwezi, kisha afike na mtoto mwenye homa aambiwe dawa hakuna, akanunue dukani! Halafu amwone mtu wa ng'ambo amekaa mbele yake katika foleni. Hasira hiyo twaifahamu. Hata sisi tunayo. Tena twakubali kwamba nchi ni lazima iwe na sheria ya mipaka, na mtu anayenunua kitambulisho cha bandia hatumtetei.

Lakini mwulize aliyetoa hoja: kwa nini yule kijana hakukatwa ile 2.75? Si kwamba alikataa. Hakukatwa kwa sababu jina lake halikuwa katika kitabu cha mshahara, na halikuwamo kwa sababu tajiri aliona faida kutoliandika. Kwa kila kibarua wa namna hiyo, tajiri amebakiza fedha ya bima, amebakiza fedha ya NSSF, tena amebakiza shilingi 300 za tofauti ya mshahara. Akishapata watu watano hivyo, ya nini kumwajiri mwana wa Mosocho kwa 800? Kibarua asiye na karatasi akifukuzwa leo, kesho ataletwa mwingine usiku, naye atakuwa mwoga kuliko wa kwanza, na mwoga hulipwa 400. Hatutabiri hapo. Kazini tumeona.

Na juu ya fedha ya hospitali, mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha hospitali kadhaa kwa tuhuma za kudai fedha za SHA kwa njia ya udanganyifu. Hatujasikia kwamba kibarua yeyote wa Sirare alikuwa na hospitali.

Sasa tuvuke bahari kidogo, maana jambo hili liko pia katika nyumba zetu wenyewe. Ni nani hapa asiyekuwa na ndugu Minnesota? Wagusii wamekuwa wengi katika jimbo lile la Marekani, na wengi wao huwatunza wazee na wagonjwa. Nyumba za vigae mnazoziona njiani kuja hapa, baadhi zimejengwa kwa jasho la kumgeuza mzee wa Kizungu kitandani usiku. Na katika hao wapo waliokwenda na viza ya masomo, karo ikawashinda, viza ikaisha, wakabaki. Hatutawataja. Kila mtu anawajua wake.

Basi mwaka 2023 jimbo hilo lilitunga sheria kwamba hata mtu asiye na karatasi aweza kuingia katika MinnesotaCare, ambayo ni bima ya jimbo kwa watu wa mapato madogo. Ikaanza tarehe 1 Januari 2025. Watu yapata 20,000 wakajiandikisha katika miezi ya mwanzo, kupita vile serikali ilivyokisia. Hapo mabishano yakawaka. Upande mmoja ukasema: fedha hazitoshi, na si haki mlipa kodi amlipie aliyevunja sheria ya mipaka. Upande wa pili ukajibu: hawa wanafanya kazi na kulipa kodi, na mtu akinyimwa daktari mapema atakuja baadaye akiwa mahututi, na hapo gharama ni kubwa zaidi. Na hilo la pili lina maana, kwa kuwa sheria ya Marekani ya mwaka 1986 yailazimisha hospitali yenye chumba cha dharura kumtuliza mgonjwa kwanza, awe nani. Bunge la chini la jimbo lilikuwa limegawanyika sawasawa, 67 kwa 67. Ili makadirio ya fedha yapite, wakapatana, na Juni 2025 wakapitisha sheria: watoto wabaki katika bima, watu wazima watolewe. Mwaka 2025 ulipokwisha, watu wazima walitoka.

Fikirini, ndugu. Mwanamke wa kwetu mwenye shinikizo la damu, anayewapa wazee wa watu dawa za shinikizo la damu kila jioni, yeye mwenyewe ameondolewa katika bima ya jimbo. Na kodi? Taasisi moja ya Washington ichunguzayo mambo ya kodi ilipiga hesabu kwamba mwaka 2022 watu wasio na karatasi Marekani walilipa kodi ya dola bilioni 96.7. Wengine hukatwa katika mshahara kwa ajili ya pensheni ambayo hawataipata kamwe.

Tulipozisikia habari hizo hapa Mosocho, sote tulisema ni uonevu. Tulizisema hapa hapa sokoni, chini ya mti ule. Sasa watu wale wale wameleta hoja ya kumfanyia Mkuria jambo lile lile, wala hawakuona aibu. Labda Sirare ni karibu mno.

Wazee waliomo wanakumbuka habari za Uganda. Zamani hizo reli ya Afrika Mashariki ilikuwa moja, kutoka Mombasa mpaka Kasese, na mfanya kazi aliweza kuhamishwa kama behewa. Wakenya wengi walikuwa huko, katika reli, viwanda na mashamba, na wengi wao walikuwa Wajaluo. Oktoba 1970 serikali ya Obote ikatoa amri kwamba wafanya kazi wa kigeni wasio na ujuzi watoke. Wakenya kama 30,000 wakarudi na masanduku na magodoro. Watu waliokuwa wamelipa ada za chama miaka mingi pamoja na Waganda waliondoka kama wezi. Obote naye alipinduliwa Januari 1971, na aliyemfuata akawafukuza Waasia mwaka 1972. Reli yenyewe ikagawanywa mwaka 1977, Jumuiya ilipovunjika.

Wala tusiende mbali. Mwanzo wa mwaka 2008 watu wetu walifukuzwa katika mashamba ya chai ya Kericho. Hao walikuwa na vitambulisho. Walikuwa navyo mifukoni walipokuwa wakikimbia.

Na kama mwataka kujua kitambulisho kilianzaje, waulizeni wajukuu wa waliovaa kipande. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika hasa mwaka 1919 na 1920, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika kuvaa shingoni kisanduku cha chuma chenye karatasi ndani. Humo tajiri aliandika kazi na mshahara. Mtu akitoroka kazi mbaya, kipande kilimrudisha. Twajua kadi ya leo si kipande, na ni vema mtu kuwa nayo. Lakini wafanya kazi wanapoanza wao wenyewe kukaguana karatasi kwa niaba ya tajiri, twaona kile kisanduku kinatafuta shingo.

Ndugu mmoja alituuliza jana: "Sasa ninyi mwataka nini? Kila mtu aingie?" Hapana. Tutawaeleza habari ya Wamakonde, kwa kuwa hao walikuwa vibarua kama sisi.

Wamakonde wengi waliletwa kutoka Msumbiji zamani za ukoloni kufanya kazi katika mashamba ya katani na miwa huko pwani, upande wa Kwale. Wakazaa, wakazeeka, wakazikwa huko. Uhuru ulipokuja hawakuandikwa. Watoto wao na wajukuu wao walikaa bila kitambulisho, hawawezi kufungua akaunti benki, hawawezi kuandikisha simu kwa jina lao, na kazi ya halali ni taabu kuipata. Je, waliacha kufanya kazi? Hawakuacha, ila walifanya kwa bei ya asiye na jina. Oktoba 2016 walitembea kutoka Kwale kwenda Nairobi wakamwone Rais. Wakakubaliwa, wakaitwa kabila la 43 la Kenya, na mwanzo wa 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Tangu hapo aweza kukatwa bima kama wewe, na aweza kujiunga na chama kama wewe. Hiyo ndiyo njia moja ya kuondoa mtu asiyelipa: kumwandika.

Kijana wa Sirare si Mmakonde. Ana nchi yake, na nchi hiyo iko ndani ya Jumuiya moja na yetu. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kazi Julai 2010, nayo yaruhusu wafanya kazi wa Jumuiya kuvuka, ingawa kibali cha kazi bado kinatakiwa. Sheria yetu ya uhamiaji ya mwaka 2011 yamkataza mwajiri kumwajiri mgeni asiye na kibali. Basi kontrakta angalimtafutia kibali, au asimchukue. Alimchukua bila kibali kwa makusudi. Twajua pia kwamba Tanzania nayo, Julai 2025, ilikataza wageni kufanya biashara ndogo ndogo kama kutengeneza simu na saluni, na Wakenya wengi walinung'unika. Mtu akitaka kulipiza atapata sababu kila siku. Afrika ya Kusini wamefika mahali ambapo kikundi cha watu kilisimama kwenye milango ya zahanati wakidai vitambulisho, wakiwarudisha wagonjwa, mpaka Novemba 2025 mahakama ya Johannesburg ikawakataza. Hatutaki kuona mwanachama wetu amesimama mlangoni pa hospitali ya Kisii hivyo.

Na ninyi akina mama mwajua jambo ambalo hoja hii haikulifikiri. Shule zadai cheti cha kuzaliwa. Je, watoto wangapi wa hapa hapa, Wagusii halisi, waliozaliwa nyumbani mikononi mwa bibi, hawana cheti? Mlango ukiwekwa mlinzi wa karatasi, wa kwanza kurudishwa atakuwa mtoto wa maskini wa kijijini. Mgeni atakuwa amekwisha nunua ya bandia.

Basi twaleta badiliko la hoja. Badala ya kuwaandikia matajiri wawaondoe wageni, tawi liwaandikie kwamba kila kibarua, awe wa wapi, aandikwe kitabuni siku ya kwanza, alipwe bei ile ile ya kazi, akatwe yanayokatwa, na kama kibali chatakiwa, kontrakta akitafute kabla ya kumpa kazi. Maneno ya kifungu cha 43 yapigwe chapa katika karatasi ndogo, kila mwanachama awe nayo mfukoni pamoja na kadi ya chama. Juu ya mgonjwa wa kigeni ambaye si wa dharura, na ambaye hachangii, kwa kweli hatukupatana hata sisi wenyewe. Tulibishana usiku kucha. Wengine wetu wasema alipe kama mgeni, wengine wasema mjamzito asiulizwe kitu kamwe. Tumeliacha wazi, mkutano uamue.

Juu ya mwenzetu: aonywe, kwa maana alisema uongo na chama hakiwezi kuusifu. Asifutwe. Na kama atafutwa, basi majina yetu watu wanne yawekwe pamoja na lake, kwa kuwa tulisimama nyuma yake tukimsikia, na hakuna aliyefungua kinywa.

Kijana mwenyewe amerudi kwao. Alitupigia simu juzi. Asema kiatu cha mguu ule chamlegea, na kupanda mlima na ng'ombe ni taabu. Dai lake la fidia ni lazima lipelekwe kabla ya miezi kumi na miwili kwisha tangu siku ya ajali, na miezi mitano imekwisha pita. Karani wa tawi amekubali kuandika barua. Anahitaji watu wawili zaidi walioliona taruma likianguka, waje na kadi zao Jumamosi saa saba mchana, saa moja kabla ya mkutano. Sisi majina yetu tumekwisha andika.